Swali la Tarehe Ishirini na Tisa

Balthazar Simwanza, mwenyekiti wa Mtaa wa Mwamko mjini Tunduma, alikuwa mchumba wa Scola Nambeye kwa miaka kumi, na katika miaka hiyo kumi hakuwahi hata mara moja kusema kwamba hataki kumuoa. Hilo lisemwe mapema, ili haki yake asinyimwe. Alitaka sana. Ila mwaka wa kwanza nyumba ilikuwa haijaezekwa. Ilipoezekwa, uchaguzi ukaja. Uchaguzi ulipopita, baba yake akafariki, na mtu mwenye adabu hachezi muziki kaburi la baba yake likiwa bado bichi. Kaburi likajengewa, likapakwa chokaa, likapigwa na mvua za misimu miwili, kisha uchaguzi mwingine ukaja. Watoto wa mtaa waliozaliwa katikati ya mambo hayo, wakisikia watu wazima wakimwita "mchumba wa Scola", walidhani Mchumba ni jina la ukoo wake.

Scola alikuwa na mashine ya kusaga nafaka aliyoachiwa na marehemu baba yake, pale kona ya barabara ya kuelekea mpakani. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mrefu, nyusi zake zimejaa unga kuanzia asubuhi hadi jioni. Hakuwa msemaji. Mashine ilikuwa na kelele, naye hakuona sababu ya kushindana nayo. Kila jioni Balthazar alikuja kukaa kwenye benchi la wateja, akaletewa chai ya rangi na kiazi kitamu, akatoa maoni kuhusu hali ya nchi, akaaga. Aliona kwamba uchumba wa namna hiyo hauna kasoro yoyote, na kwa kweli kwake haukuwa nayo.

Mambo yaliharibika siku ya Jumatatu, mwishoni mwishoni mwa Februari, mwaka elfu mbili na kumi na mbili, kwa sababu ya umeme. Ulikatika saa kumi na moja jioni, mashine ikanyamaza, na foleni nzima ya watu wenye ndoo na magunia ikajikuta inaweza kusikilizana.

Wa kwanza kuutumia ukimya huo alikuwa Elizabeti, binamu yake Scola, aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na ambaye huvuka kuja kusaga huku kwa madai kwamba mashine za kwao zinakula mahindi.

"Mukwai, ninyi Watanzania mmelala," alisema, akianza na neno la heshima la kwao. "Redio ya kwetu wiki nzima inatangaza. Mwaka huu Februari ina siku ishirini na tisa, na hiyo ya ishirini na tisa ni siku ya wanawake. Mwanamke anamwendea mwanaume anayemtaka, anamwambia nioe. Mwanaume akikataa, anatozwa faini."

"Faini gani?" akauliza Gwakisa, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye alikuwa kapera na alikuwa ameshatazama njia ya kutokea.

"Jozi kumi na mbili za glavu. Ili yule mwanamke afiche kidole chake kisicho na pete."

"Glavu ninazo," alisema Gwakisa kwa unyonge. "Lakini ni za kuchomelea, na ni jozi moja."

Wanawake wakacheka. Balthazar, akiwa kwenye benchi na kikombe chake, aliona inafaa kiongozi aweke mambo sawa. Akamgeukia mwalimu Zebedayo, aliyefundisha jiografia sekondari, mgane mpole mwenye miwani, aliyekuwa amesimama kwenye foleni na debe lake la mahindi kama alivyosimama kila wiki.

"Mwalimu, waelimishe hawa. Siku moja inatoka wapi tu, ikaingia kwenye kalenda?"

"Haitoki hewani, mwenyekiti. Mwaka hauna siku mia tatu sitini na tano kamili. Una hizo, na karibu robo ya siku juu yake." Akaligonga debe lake. "Dada Scola, kila nikija kusaga, robo debe yangu ikabaki ndani ya mashine. Mara ya nne utanifanyaje?"

"Nitakupa debe zima la nyongeza," alisema Scola.

"Hiyo ndiyo tarehe ishirini na tisa. Warumi wa kale mwaka wao ulianzia Machi, Februari ilikuwa mkia, kwa hiyo nyongeza wakaibandika mkiani. Julius Kaisari ndiye aliyeamuru iwe kila baada ya miaka minne. Ila kipimo chake kilizidi kidogo, dakika kama kumi na moja kwa mwaka. Baada ya karne nyingi dakika zile zikawa siku kumi nzima. Papa Gregori akazifuta. Watu wa Roma walilala tarehe nne Oktoba, wakaamka tarehe kumi na tano."

Mzee Asajile, mjumbe wa kamati ya mtaa, alishtuka. "Na aliyekuwa amepanga kuoa tarehe kumi?"

"Alisubiri."

Foleni nzima ikageuka kumtazama Balthazar. Akanywa chai ambayo ilikuwa imeshaisha.

"Na hili la wanawake kuuliza?" Scola aliuliza. Alikuwa anafuta unga kwenye mizani, hakuinua macho.

"Hilo wanalisimulia watu wa Ireland," alisema mwalimu. "Eti mtawa mmoja alimlalamikia askofu kwamba wanawake wanazeeka wakiwangoja wanaume wenye aibu. Askofu akawapa siku moja katika kila miaka minne. Nusu yake ni hadithi, hakuna aliyeiona sheria yenyewe. Lakini watu wameifuata miaka mingi."

"Na hakuna taifa lenye busara linalokataza?" aliuliza Balthazar.

Mwalimu alikuwa mtu mkweli, na ukweli humponza mtu. "Wagiriki," alisema. "Baadhi yao wanaona mwaka mrefu una mkosi kwa ndoa. Hawafungi harusi mpaka upite."

"Mnasikia!" Balthazar alisimama. "Mimi mwaka huu nilikuwa nimeshaazimia kabisa. Moyoni nilikuwa nimemaliza. Lakini kama Wagiriki, watu walioanza kusoma kabla yetu, wameona hatari..."

"Balthazar," alisema Scola, "wewe ni Mgiriki wa kijiji gani?"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kwenye maegesho ya malori. Umeme ukarudi, mashine ikanguruma, na Scola akaanza kumimina mahindi kama mtu aliyemaliza kusema. Alimtazama Balthazar mara moja tu, kwa muda mrefu kidogo, na Balthazar alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba ameshapangiwa siku.

Kesho yake aliitisha kikao cha dharura cha kamati ya mtaa. Mtaa wa Mwamko ulikuwa na mtaro ulioziba tangu Krismasi na shimo barabarani lililokwisha kupewa jina, lakini mambo hayo hayakuwahi kuitishiwa kikao cha dharura. Ajenda ilikuwa moja: "Usalama wa Wanaume, Tarehe 29."

"Ndugu wajumbe," alisema Balthazar, "kuna desturi ya kigeni inavuka mpaka bila kukaguliwa."

Mzee Asajile alisema kwamba yeye ana wake wawili, na kama wa tatu atakuja mwenyewe kwa miguu yake, hajui atalala wapi. Gwakisa, aliyealikwa kama mwakilishi wa makapera, aliomba ulinzi wa mgambo. Katibu wa kamati, Nyanzobe, mwanamke pekee pale mezani na mtu pekee aliyekuja na kalamu, aliinua mkono.

"Mwenyekiti, mwanamke akimuuliza mwanaume swali, ni sheria gani imevunjwa?"

"Utulivu," alisema Balthazar.

"Utulivu wa nani?"

"Andika, katibu."

Nyanzobe akaandika. Lilikuwa tangazo la aya tatu, na lilimpiga marufuku mwanamke yeyote mkazi wa mtaa kumtamkia mwanaume maneno ya kutaka kuolewa, iwe kwa mdomo, kwa simu au kwa kumtuma mtu. Kukawa na ubishi kuhusu siku ya kuanza. Mzee Asajile, aliyewahi kuwa karani wa mahakama ya mwanzo na hakuwahi kuwaachia watu wasahau, alisema amri yoyote lazima wananchi wapewe siku nzima ya kuisoma. Ibandikwe tarehe ishirini na tisa, ianze kazi siku inayofuata.

"Sawa," alisema Balthazar, aliyekuwa anafikiria nauli. "Ibandikwe ishirini na tisa, ianze tarehe thelathini Februari."

Kalamu ya Nyanzobe ilisimama. "Tarehe thelathini Februari?"

"Si nimesema? Andika nilivyosema."

Akaandika alivyosema. Balthazar akatia sahihi, akagonga mhuri, akaupulizia wino ukauke.

Hata hivyo hakuuamini mhuri peke yake. Jumatano ya tarehe ishirini na tisa, kabla jua halijachomoza vizuri, alikuwa ameshabandika kwenye mlango wa ofisi karatasi nyingine isemayo "Mwenyekiti yuko safarini kikazi", na yeye mwenyewe yuko njiani kwenda Vwawa, kisha kwa pikipiki mpaka Igamba, kwa dada yake Rosemary, ambako hakuna kazi yoyote ya Mtaa wa Mwamko iliyowahi kufika.

Rosemary alikuwa na kahawa, migomba na ekari moja ya maharage iliyokuwa imezidiwa na magugu. Hakumuuliza mdogo wake amefuata nini. Alimpa jembe. Balthazar alipalilia akiwa na suruali ya ofisini, na kwa kuwa alijua swali linaweza kumfuata hata huko, kwa simu, alianza kujizoeza jibu. Alisimama mbele ya mibuni, akakohoa.

"Ndugu Scola Nambeye. Ofisi yangu imepokea ombi lako na imelitafakari kwa kina. Kwa masikitiko, na kwa kuzingatia hali halisi..."

"Hali gani?" aliuliza Rosemary kutoka nyuma ya mgomba.

Balthazar akashtuka, nusura ajikate mguu. Ikabidi aeleze yote: redio, glavu, Wagiriki, tangazo. Dada yake alisikiliza huku akichambua maharage.

"Kwa hiyo umemkimbia mwanamke anayekupa chai kila siku."

"Sijakimbia, dada. Nimejiepusha."

"Akikuuliza utamjibu nini?"

"Nitakataa kwa heshima."

"Kwa sababu gani?"

Balthazar alifungua mdomo. Alizoea kwamba akiufungua, sababu hutoka yenyewe. "Nyumba," alianza.

"Nyumba ina bati, ina dari, ina sofa ambayo haijavuliwa nailoni."

"Uchaguzi..."

"Uchaguzi wa mitaa ni mwaka elfu mbili na kumi na nne. Baba tulishamjengea. Mama hayupo. Nani mwingine unamngoja afe?"

Balthazar aliinama akapalilia mstari mzima. Hakuwa amezoea kukaa na nafsi yake bila mtu wa tatu. Alikumbuka msiba wa baba, jinsi Scola alivyofunga mashine siku tatu, akaja na unga wa kuwalisha waombolezaji wote, akapika uani na kina mama, na siku ya nne akarudi kazini bila kusubiri kushukuriwa. Naye Balthazar hakumshukuru. Alikumbuka pia kwamba kila jioni alipoondoka pale kwenye benchi alijisikia amependwa na hajagharimika chochote. Mke angemwona akiamka, angemwona akiwa hana la kusema, angejua kwamba baadhi ya vikao anavyokwenda havipo. Mchumba alimwona saa moja kwa siku, akiwa amevaa koti.

"Naogopa, dada," alisema hatimaye.

"Basi hiyo ndiyo hali halisi," alisema Rosemary. "Hiyo ungeiandika kwenye tangazo."

Saa saba mchana aliacha jembe katikati ya mstari. Alinawa, akaazima shati la shemeji yake, lililombana tumboni, akaomba kuku mmoja. Alikuwa amebadilika. Njia nzima ya kurudi, kuku akiwa mapajani, alikuwa anatunga jibu jipya. Angemwacha Scola aulize mpaka mwisho, bila kumkatiza. Angenyamaza kidogo, kwa heshima ya cheo. Kisha angekubali. Labda kwa sharti moja au mawili madogo, ili isionekane ilikuwa rahisi.

Alifika Tunduma saa kumi na moja jioni. Mashine ilikuwa imefungwa. Siku ya kazi, umeme upo, na mashine imefungwa. Kwenye kibaraza cha ofisi yake walikaa wanawake kama kumi, wanakunywa soda, na Nyanzobe katikati yao. Walipomwona walimtazama yeye, wakamtazama kuku.

"Scola yuko wapi?" aliuliza Balthazar. "Nimerudi. Sasa anaweza kuniuliza."

Nyanzobe aliweka chupa chini. Hakuwa mtu mbaya, na hakutaka kulisema mbele ya wote, lakini wote walikuwa pale.

"Alikuja saa mbili asubuhi, mwenyekiti. Alikuwa na Elizabeti, nami akaniita, tuwe mashahidi. Alikuwa amevaa lile gauni la bluu na viatu. Akasoma kwamba uko safarini. Akasoma na tangazo, kwa sauti, mpaka mwisho. Alipofika kwenye tarehe thelathini Februari akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Akasema, 'Huyu mtu atanioa tarehe hiyohiyo.' Akarudi kazini, nasi tukamfuata."

"Basi niende huko kwake."

"Ngoja kwanza nimalize. Saa sita akaja mwalimu Zebedayo pale mashineni na debe la pili wiki hii. Scola akamuuliza, 'Mwalimu, unaishi peke yako, kila wiki unasaga debe. Unga wote huo unakula na nani?' Mwalimu akatazama chini. Akasema haujaliwa. Uko nyumbani, magunia saba. Alikuwa hajui njia nyingine ya kupita pale kwake kila wiki."

Mmoja wa wanawake akajifuta macho kwa kona ya kitenge.

"Scola akamwambia, 'Basi nioe, tuule wote kabla haujaingia wadudu.' Mwalimu akavua miwani, akaifuta. Akauliza leo ni tarehe ngapi. Tukamwambia. Akasema, 'Kama ni hivyo, ni halali. Nakubali.' Sasa hivi wako kwa baba mdogo wa Scola, na mwalimu amekwenda na wazee wake. Na kile kishika uchumba chako kimerudishwa, kiko ndani, juu ya meza yako."

Balthazar alisimama pale na kuku mkononi. Akaingia ofisini, akafunga mlango, na wanawake wakaondoka mmojammoja, taratibu.

Wiki tatu baadaye Scola na Zebedayo walimfuata ofisini. Kanisa lilikuwa limetaka barua ya utambulisho kabla ya kutangaza ndoa, na barua ya utambulisho ya wakazi wa Mwamko hutolewa na mwenyekiti wa Mwamko. Siku ya kwanza aliwaambia fomu zimekwisha. Siku ya pili wino wa mhuri ulikuwa umekauka. Siku ya tatu alikuwa na kikao, na walimwona kwa dirisha akiwa kwenye kikao hicho peke yake. Siku ya nne mwalimu alikuwa na vipindi, Scola akaja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wananchi, akaweka fomu mezani na kando yake kichupa cha wino alichonunua dukani.

Balthazar alikiangalia kichupa.

"Scola, siku ile ungeniuliza kweli?"

"Ningekuuliza."

"Mimi nilikuwa narudi. Nilikuwa nimeamua kukubali. Muulize Rosemary."

"Najua. Rosemary alinipigia." Scola alikung'uta unga kwenye kiganja chake. "Nilikungoja miaka kumi, Balthazar, na sikuchoka kukungoja. Nilichoka asubuhi ile moja. Nilisimama pale mlangoni nimevaa viatu vinavyonibana, nasoma amri ya kunikataza mimi, jina langu tu ndilo halikutajwa. Nikajiona. Usingekimbia, ukaniambia hapana usoni pangu, pengine mpaka leo ningekuletea chai."

Balthazar alivuta fomu karibu. Ilikuwa na maswali ya kawaida: jina, muda wa kuishi mtaani, tabia ya mwombaji. Kwenye tabia aliandika "njema", akaitazama, akaongeza "sana". Chini kulikuwa na mstari wa mwenyekiti kueleza kama ana pingamizi. Kalamu ilikaa juu ya mstari ule kwa muda. Nje, watu wawili waliokuja kushtaki kuhusu mtaro walikuwa wanabishana nani alitangulia kufika.

"Hana," aliandika Balthazar. Akaweka tarehe, na mara hii aliitazama kwanza kwenye kalenda ya ukutani. Akagonga mhuri.

"Asante, mwenyekiti," alisema Scola, akaichukua, akaipulizia.

Walioana baada ya Pasaka. Balthazar alipata kadi, akatuma salamu na udhuru. Miezi mitatu mizima alisaga mahindi yake upande wa pili wa barabara, kwa mtu ambaye unga wake ulikuwa na mchanga, na aliula bila kulalamika. Mwezi wa Julai, asubuhi moja, alikuja kwa Scola na ndoo yake, akasimama mwisho wa foleni nyuma ya watu tisa. Hakuna aliyempisha, naye hakuomba. Ilipofika zamu yake, Scola alichukua ndoo, akapaza sauti juu ya mashine.

"Sembe au dona?"

"Dona," alisema Balthazar. "Na Scola, ule unga wa msiba wa baba. Sikuwahi kukushukuru."

"Nini?" alisema Scola, mkono sikioni.

Balthazar akajaza pumzi, akarudia kwa nguvu zake zote, mpaka foleni nzima ikasikia.